Bibi Kwenye Filamu ya Daraja

Mkaguzi wa filamu alipofungua mlango wa chumba cha maonyesho asubuhi, chai mkononi, alikuta viti karibu vyote vimekaliwa na marehemu. Walikuwa wale wale waliojenga daraja, wamekuja kutazama filamu ya daraja lao, na vumbi la saruji lilikuwa bado limewaganda kwenye nyusi. Bibi yake mzaa mama alikaa safu ya mbele, karai lake la zege mapajani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Haya, kaa.”

Kazi ya mkaguzi ilikuwa kutazama filamu za historia kabla hazijatoka, na kusema kama waliokuwepo zamani wamo. Hii, loo! Daraja zima limejengwa na mhandisi mmoja mwenye shati jeupe, yeye na farasi wake. Vibarua walionekana migongo tu. Mwanamke alikuwa mmoja, na kazi yake ni kumletea mhandisi maji na kuchekacheka. Bibi alisonya mpaka safu ya nyuma wakasikia.

Taa zilipowaka, mkaguzi alimwambia mwongozaji wa filamu kwamba hapitishi. Hata farasi alikuwa na nafasi kubwa kuliko wajenzi.

“Dada yangu, watu wa kujaza nawatoa wapi?” mwongozaji aling'aka, kisha akawatazama marehemu. “Si hawa hapa? Waingie.”

Wakaingia. Walipandisha nguo kama wanaovuka dimbwi, wakapotelea ndani ya skrini mmoja mmoja. Walipiga kazi kweli kweli, ikabidi farasi asogezwe. Halafu bibi akatua karai, akaigeukia kamera.

“Mwanangu hakutoroka na mishahara ya watu,” alisema. “Alitumbukia kwenye nguzo ya katikati zege likimwagwa, na mhandisi akasema kazi isisimame. Yumo humo mpaka leo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.”

Mkaguzi aliisogelea skrini; anayetajwa ni mjomba wake. Mama yake amezeeka akiitwa dada wa mwizi. Hata msibani watu huvuta mikoba yao akipita. Sasa, alijiambia, mji mzima utasikia.

“Uso mzuri sana huo,” mwongozaji alisema. “Uso uache. Sauti toa, weka fidla.”

Mkaguzi alikataa katakata. Bosi wake akampigia simu: kanuni inataka waonekane, haikusema wasikike, na kama anajitia kichwa ngumu, wa kukaa kwenye kiti chake wapo tele. Filamu ikapitishwa jioni ile ile, bila yeye.

Siku ya uzinduzi alimpeleka mama yake, akamweleza yote njiani. Bibi alipotokea, mkubwa kama ukuta, midomo ikicheza, fidla zililia na ukumbi mzima ukatoa leso.

“Maskini, anamwombea mhandisi dua,” mwanamke wa kiti cha pembeni alinong'ona.

“Sema kwa sauti, mama,” mama aliiambia skrini.

Bibi akamsikia. Akaanza upya tangu mwanzo, polepole, kama anayesema na kiziwi, na kila alipopaza sauti fidla nazo zikapanda. Watu wakasimama wakapiga makofi kwa uchungu. Mama peke yake alibaki kitini, ameinama mbele, ametega sikio.