Viini Sita

Ujumbe wa Oliver ulimkuta Mumbua amemshika kiunoni bibi mmoja wa Castle Vale, huko Birmingham, Uingereza, akimsaidia kuinuka kitini. Simu ikatetema mfukoni, akaiacha itetemeke. Kazi ya kutunza wazee haitaki pupa. Ukimwachia mzee mkono mmoja ili ujibu simu, mtaokotana sakafuni. Alipokwisha kumfikisha bibi dirishani na kumwekea chai yake karibu, ndipo alipotoa simu akasoma, na aliposoma akajikuta amekaa chini bila kukaribishwa.

Mwanawe alikuwa ameandika mistari kumi na minne. Oliver huyu huyu, ambaye kwa mwaka mzima majibu yake yalikuwa “poa” na “sawa”, leo mistari kumi na minne! Alikuwa anaunda kompyuta yake mwenyewe, pale Athi River alikoishi na nyanya yake. Ubao mama alikuwa nao, kadi ya michoro alikuwa ameipata kwa mtu aliyechoka nayo, hata kasha lilikuwepo. Kilichokosekana ni prosesa, ubongo wenyewe. Aliitaka ya bei nafuu, lakini yenye nguvu ya kuchezesha michezo na papo hapo kuirusha mubashara mtandaoni, watu watazame huku yeye akitangaza. Nairobi bei zilikuwa moto. Mwisho aliandika: Mama, nisaidie kuchagua.

Hakuandika nitumie. Nitumie alikuwa ameisoma miaka minane, ya viatu, ya karo, ya simu, na kila mara alituma pesa, na kila mara mtoto alizidi kuwa mbali. Nisaidie ilikuwa ngeni. Mumbua aliisoma mara tatu hadi bibi akamuuliza kama kuna habari mbaya nyumbani.

Aliondoka Kenya mwaka 2011, Oliver ana miaka kumi na mmoja, kwa masomo ya miaka miwili tu. Sasa ilikuwa 2019. Masomo yaliisha, akaomba ruhusa ya kuendelea kukaa, na maombi yakaenda kulala mahali ambapo maombi hulala. Wakili alimweleza bila kumung’unya maneno: fanya kazi, panga nyumba, lipa kodi, lakini siku utakayopanda ndege maombi yamekufa, na uliloanza litaanzwa upya ukiwa nje. Basi alikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu. Majani anakula, tena mengi, lakini kamba ni kamba. Kanisani watu walimwambia ana bahati, na yeye, Mungu amsamehe, aliwachukia kidogo.

Jumamosi alipanda mabasi mawili mpaka Stratford Road, kule Sparkbrook, kwenye duka la Paramjit, mama wa makamo aliyetengeneza kompyuta huku bisibisi imekaa nyuma ya sikio. Mumbua alikuwa amesoma wiki nzima, mapumziko ya kazini na ndani ya basi, akaingia akijifanya anajua. Paramjit alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka vijiboksi viwili juu ya kaunta. Prosesa ina viini, alisema, na kila kiini kihesabu kuwa ni mpishi. Hii ina wapishi wanne, ni rahisi, na kwa mchezo peke yake inatosha kabisa. Ile ina sita, imezidi bei kidogo. Ukiwa unapika tu, wanne hao wanakutosha. Ukitaka kupika na kuandalia wageni wakati ule ule, wanne watazidiwa, na wageni wataona chakula kinakuja kwa kukwamakwama.

Mumbua akampigia Oliver hapo hapo dukani. Kijana alizungumza! Aliuliza mwendo wa kila kiini, aliuliza joto, alicheka mama yake alipotamka majina ya zile namba kama anasoma orodha ya nyimbo za kanisa. Dakika kumi na saba walizungumza, na Mumbua aliona haya kwa jinsi alivyokuwa na furaha mbele ya mgeni. Ndipo akasema:

“Kwa hivyo nitakuona! Ukirusha utaweka na kamera, si ndiyo?”

Oliver alipojibu, sauti ilikuwa ile ya zamani, ya poa na sawa. Alisema viini vinne vinatosha. Kurusha kunaweza kungoja. Mama asijisumbue.

“Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeandika,” Mumbua alisema.

“Nimebadilisha mawazo, Mama. Nunua hiyo ndogo.”

Mumbua alidhani anamwonea huruma mfuko. Hivyo ndivyo mtu wa mbali anavyojidanganya, huchukua kimya cha watu wake akakipa maana anayoipenda. Mwaka na zaidi sasa hajawaona kwa video. Mtandao wa huku ni mbovu, Oliver alikuwa akimwambia kila alipoomba, na mama yake Mumbua, ambaye kwa Kikamba Oliver alimwita Susu, alikuwa akishika simu na kusema kwa sauti yake ile ile nzima kwamba wote hawajambo, kwamba mvua imekuja, kwamba afanye kazi na asali. Mumbua aliitazama ile prosesa ya viini sita. Alitaka kumwona mtoto wake, basi. Mchezo ulikuwa kisingizio. Aliinunua haraka, kabla dhamiri yake haijapata nafasi ya kusema neno.

Paramjit alimpa onyo moja tu: usiifungue.

Sasa mjue kwamba mzigo wa kwenda nyumbani una sheria zake, na Rita, muuguzi wa Perry Barr aliyesafiri Kenya kila mwaka na kuwabebea mizigo nusu ya Wakenya wa Birmingham, alikuwa mkali kuliko shirika lolote la ndege. Maboksi hapana. Boksi linakula nafasi, boksi jipya linamwamsha mtu wa forodha. Viatu vilitoka kwenye maboksi, simu zilitoka, manukato yalivikwa soksi. Kila mtu alijua, na Mumbua alijua kuliko wote kwa kuwa kwa miaka minane hakuwa na njia nyingine ya kufika kwao ila ndani ya sanduku la Rita. Basi Jumatano, kwenye sebule ya Rita, alifanya kama alivyofanya siku zote. Alitupa boksi. Feni iliyokuja nayo Rita aliikataa, ni kubwa kama bakuli. Oliver angetafuta nyingine huko. Ndani kulikuwa na kiganda cha plastiki ngumu, nacho akakiona ni cha kupendezesha tu, akakitupa. Prosesa yenyewe ilikuwa ndogo kama biskuti, upande mmoja chuma kinachong’aa, upande wa pili msitu wa vijipini vya dhahabu. Akaikunja ndani ya soksi za sufu, akaisukuma kwenye kiatu, akamshukuru Mungu.

Jumapili, sanduku la Rita lilipokwisha kufika, Oliver alituma picha. Vijipini kama thelathini vilikuwa vimelala, vingine vimeshikana na nyuzi za sufu.

Mumbua alikuwa kwenye basi, na alilia mle mle, mbele za watu, bila kuficha uso. Kipande cha kwanza ambacho mtoto alimwomba wachague pamoja, amekivunja kwa mikono yake. Aliandika samahani, akaifuta, akaiandika tena. Kisha akampigia Paramjit, ambaye kwanza alivuta pumzi ndefu sana, halafu akasema vijipini huwa vinanyooka, kama mtu ana sindano, mwanga mzuri na subira, na kama havijakatika.

Siku nne Oliver alinyoosha, kijipini kimoja kimoja, kwa sindano ya nyanya yake. Kila jioni alimwandikia mama yake idadi: vimebaki ishirini na viwili, kumi na kimoja, vinne. Mumbua aliosha wazee wa watu, akawavisha, akawalisha, na moyo wake wote ulikuwa kwenye ncha ya sindano ile. Siku ya tano ukaja ujumbe wa neno moja: Imewaka!

Na kijana ni kijana. Mashine yenye nguvu ya kurusha inapokuwa mezani, ni nani ataizuia? Juma lililofuata Oliver aliandika kwamba Jumamosi saa kumi na moja jioni ya kwao atajaribu, kidogo tu. Simu yake ndiyo itakuwa kamera, kwa hiyo asimpigie. Akitaka kusema kitu aandike chini ya picha, kama watazamaji wengine.

Saa tisa ya Birmingham, kati ya mzee mmoja na mwingine, Mumbua aliketi kwenye kituo cha basi cha Castle Vale, simu ameishika kwa mikono miwili. Picha ikafunguka, na mtandao uliokuwa mbovu mwaka mzima ukaileta safi kama maji. Mchezo wa mpira ulijaza kioo, na pembeni, ndani ya kidirisha, kulikuwa na mwanamume. Ana ndevu. Kidogo, za kubahatisha, lakini ndevu. Alitangaza kwa Kiswahili cha haraka chenye mzaha, akiwatukana mabeki wake kwa upendo, na watazamaji tisa wakacheka kwa maandishi. Mumbua alikuwa wa kumi. Alitaka kuandika ni mimi mama yako, akaona atamwaibisha, akatazama tu, akashiba kwa macho.

Nyuma ya Oliver mlango ukafunguka. Kilitangulia kiti cha plastiki cheupe, kikikwaruza sakafu. Nyuma ya kiti alikuja mama yake Mumbua.

Alikuwa amekishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akikisukuma, akiuburuta mguu wa kulia. Mwili wote umeegemea kushoto. Alikuwa amepungua. Oliver aligeuka haraka, akainua kiganja kuziba kamera, akachelewa.

Mumbua hakuhitaji kuambiwa. Nyonga kama ile alikuwa ameiona kila wiki, katika kila nyumba aliyoingia. Ilivunjika, ikaachwa ijiunge yenyewe, na si jana. Mwaka, mwaka na zaidi. Walikuwa wamekubaliana, wale wawili, wasimsumbue aliye mbali, kwa kuwa angefanya nini? Angepanda ndege na kuua maombi yake, au angebaki na kuumia bure. Wakachagua kumnyamazia. Viini vinne vilikuwa ni vya kumkinga asione, na yeye akalipa zaidi ili aone.

Hasira ilimjia kwanza, ya moto kabisa. Wangu mimi! Mama yangu mimi! Halafu akaona miguu ya kile kiti ikiteleza kwenye sakafu laini, na hasira ikakosa mahali pa kukaa. Vidole vyake vikaandika:

“Asikisukume. Akiinue, akiweke mbele, ndipo apige hatua.”

Picha ya mtandaoni huchelewa. Alihesabu sekunde hadi kumi na mbili, mama yake akiendelea kuburuta, naye asiweze kumshika. Kisha akaona macho ya Oliver yakishuka kwenye maandishi. Alianza kuyasoma kwa sauti ya utangazaji, kwa mazoea, na katikati ya sentensi sauti ikamfia. Mtazamaji mmoja aliuliza nani huyo kocha.

“Ni mum,” Oliver alisema. “Ni mum wangu.”

Timu yake ilifungwa bao, hakugeuka kuitazama. Aliitoa simu pale ilipokuwa imeegemezwa, akaigeuza, na chumba chote kikaingia ndani ya kiganja cha Mumbua: pazia, ukuta, na mzee aliyesimama katikati akishikilia kile kiti cha plastiki.

“Susu, simama,” sauti ya Oliver ilisema. “Mama anakuona.”

Susu alitengeneza kitambaa kichwani kwa mkono mmoja, kama anayepokea mgeni. Hilo ndilo lililomchoma Mumbua kuliko nyonga.

Akaandika: “Mshike kiunoni, upande wa kushoto. Kiti kwanza. Kisha mguu mbaya. Mzima uje mwisho.” Akahesabu. Basi lake lilikuja, likafungua mlango, likafunga, likaondoka. Kumi na mbili. Mkono wa Oliver ukaingia kwenye picha ukamshika nyanya yake kiunoni. Kiti kikainuka, kikatua. Mguu wa kulia ukafuata, kwa woga, halafu wa kushoto.

Hatua ile ilipomfikia Mumbua, kwao ilikuwa imekwisha kupita. Hakujua kama wakati huu huu, kule, mama yake bado amesimama au ameanguka. Hakukuwa na njia ya kujua ila kungoja.

“Anasema nini?” mama yake aliuliza ndani ya simu, akiwa bado wima.

Mumbua alikuwa ameandika neno moja. Alimsikia mwanawe akilipokea.

“Anasema, ‘Tena’, Susu.”