Ndege wa Kahawia Katika Sinema ya Gharika

Mimi ni dobi, na dobi hawezi kutazama sinema za dini akatulia. Watu wanatembea jangwani miaka nenda miaka rudi, kanzu nyeupe pe! Nani anazifua? Malaika anashuka kutoka mbinguni, sawa, nakubali, lakini mikono ya kanzu yake imenyooka kama imetoka kwenye pasi sasa hivi. Tamthilia za televisheni ndiyo usiseme: mke kaachwa, kalia usiku kucha, asubuhi anaamka na wanja palepale.

Nikisema hayo mdogo wangu hushika kichwa. "Dada, utaungua wewe." Namjibu kwamba nimekaa na pasi ya mkaa miaka hamsini, moto na mimi tunajuana.

Mdogo wangu huyo, alipotimiza miaka sitini na minane, alipata watoto wa jicho. Pacha, mmoja kila upande. Binti yake, ambaye ni muuguzi, akamtafutia nafasi ya upasuaji siku ya Jumanne. Mama mtu akagoma. Eti jicho la moyo linamtosha. Woga tu! Tangu utoto, huyu akiona sindano anapanda juu ya meza.

"Mama mkubwa, sema naye," binti akanisihi. "Akiendelea hivi atabaki gizani."

Jumamosi ile, televisheni ikatangaza sinema ya zamani ya gharika. Mdogo wangu aliiona mara moja tu, miaka arobaini iliyopita, ukumbini, ikimulikwa kwenye shuka. Mimi sikwenda. Mchango wangu katika sinema ile ulikuwa kulifua shuka.

Mwezi ule alikuwa amemzika mumewe. Na kilichomwinua, husema siku zote, hakikuwa Nuhu wala safina. Ni ndege. Ndege mdogo wa kahawia, juu kulia, mabawa wazi. Mvua inapiga, milima inazama, yeye hatikisiki. "Nikasema, kama kiumbe kile kimeshikiliwa, na mimi nitashikiliwa." Hadithi hiyo kaisimulia misibani, harusini, hata kwa fundi bomba.

"Nitazamie," akaniambia. "Ndege akiwepo, Jumanne nakwenda. Asipokuwepo, msinisumbue tena."

Tukakaa chumba changu cha kazi saa tisa alasiri, televisheni juu ya friji, sisi watatu tumejipanga kando ya meza ya kupigia pasi. Nikaanza kusimulia.

"Nuhu anapiga nyundo. Mkewe hajasema neno tangu tuanze, maskini, anafikiria siku arobaini bila jua. Nguo za watu wanane ataanika wapi? Kwenye pembe za twiga?"

"Twiga hana pembe za kuanikia."

"Anazo, fupi. Za soksi."

Binti akacheka. Mdogo wangu akajizuia, lakini bega lilimsaliti.

Kisha mlango wa safina ukafungwa. Hakuna aliyeusukuma. Ulijifunga wenyewe, polepole, na watu waliokuwa nje wakicheka wakanyamaza. Na mimi, na mdomo wangu huu, nikanyamaza. Maji yakapanda mpaka kilele cha mwisho kikawa kama ncha ya kidole, kisha hakuna. Maisha yangu yote ni maji, lakini sikuwahi kuyaogopa maji namna ile.

"Dada, mbona kimya? Ndege yupo?"

"Subiri... Huyu hapa njiwa, mweupe, katoka dirishani."

"Huyo kila mtu anamjua. Nauliza wangu. Wa kahawia, juu kulia. Yupo tangu mwanzo."

Juu kulia palikuwa na mbingu ya kijivu, safi, haina hata doa. Doa! Hapo ndipo nilipokumbuka.

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, umevaa na viatu. "Yupo," neno moja, na Jumanne anakwenda. Lakini mwenzangu kamwegemea ndege huyo miaka arobaini. Hapo nitie uongo wangu?

"Hayupo," nikasema. "Hakuwahi kuwemo kwenye sinema. Ni pasi yangu."

Binti akanikanyaga mguu. Nikaendelea. "Nilikuwa nanyoosha shuka la ukumbi, mtoto wako akalia. Wewe ulikuwa umelala, umeelekea ukutani, siku ya tisa huinuki. Nikakimbia kumbeba. Narudi, moshi! Nikaivuta pasi kwa pupa, ikateleza, ikaunguza mara ya pili. Nikalikunja, nikalipeleka, nikajifanya sijui. Baada ya sinema wakanirudishia na matusi juu."

"Mtoto huyo ni mimi?" binti akauliza.

"Nani mwingine? Mapafu kama tarumbeta."

Maji ya kwenye televisheni yalianza kupungua, hakuna aliyeyatazama.

"Shuka liko wapi?" mdogo wangu akauliza.

"Hapa. Nililitandika kwenye meza hii, chini ya mablanketi yote, nisilione tena."

Akanyoosha mkono, akapapasa meza kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo.

"Basi lisiguswe mpaka nije kumwona kwa macho yangu." Akamgeukia binti yake. "Jumanne saa ngapi?"

Jumatano kitambaa kilipotolewa kwenye jicho la kwanza, alinitazama mimi, akashtuka. "Dada! Umekunjamana hivyo, na wewe ni dobi?"

Tulipofika nyumbani hakukubali hata kunywa maji. Tukang'oa misumari ya meza, tukaondoa blanketi, la pili, la tatu. Shuka likatoka limegeuka manjano. Akaniambia nilishike juu, mbele ya dirisha, jua lipite.

"Mabawa," akasema. "Na kichwa, kile pale. Anatazama kushoto."

Mimi nililijua doa lile kama aibu yangu. Alama mbili za pasi, zimekutana kisigino kwa kisigino. Sasa jua lilipita katikati yake, na nikamwona: mabawa wazi, kifua kimejaa, anaelea. Miaka arobaini nilikuwa nawapigia watu pasi mashati yao juu ya mgongo wake, na hakuwa ameruka.

Nilitafuta mzaha. Ninao wa kila kitu, hata wa mazishi yangu mwenyewe. Sikuupata. Mikono ilinichoka kwa kulishika shuka, wala sikutaka kulishusha.