Gauni Lisilo la Asili

"Mgeuze kidogo, bibi, nimwone kisogo," Hasina alisema. Daftari lilikuwa wazi magotini, kalamu imechomekwa kwenye ukingo wa mtandio.

Bibi Andongwisye alimgeuza mdoli kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto wa jirani aliyelala. Chini ya nywele, juu kidogo ya shingo, palikuwa na alama zilizochongwa kwenye kaure: herufi mbili na tarakimu kadhaa, ya mwisho imefutika. Hasina aliwasha tochi ya simu, akapiga picha, kisha akaandika. Swali la tatu: alama ipo, haisomeki yote.

Maswali yalikuwa kumi na moja. Aliyakusanya kwa mwaka mzima na miezi miwili, kila jioni baada ya kufunga kibanda chake cha ushonaji mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu. Mengine aliyatoa kwenye kurasa za wakusanyaji wa midoli wa nchi za mbali, mengine kwenye kundi la WhatsApp ambalo Generosa, nesi mmoja mteja wake, alimwingiza. Mule ndani watu walilia kila siku. Mmoja kanunua kwa pupa kichwa kipya kilichozeeshwa kwa maji ya chai. Mwingine kapenda macho tu, kafika nyumbani kakuta shingo imegundishwa. Hasina alisoma vilio vyote hivyo, akajiapiza kwamba mdoli wake wa kwanza hatamnunua namna hiyo.

Mtaani walimcheka, na kwa kweli walikuwa na haki ya kucheka. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, wa swala tano, mwenye kijana chuoni Dodoma, anahangaika na mdoli! Kaka yake Hafidhi hakucheka. Alimwambia waziwazi kwamba nyumba yenye sanamu malaika hawaingii. Hasina akamjibu kuwa atamweka kibandani, na malaika wa kuingia kwenye kile kibanda cha mabati hajawahi kumwona.

Jambo moja hakumwambia mtu. Asubuhi za ukungu, anapokaa kwenye cherehani kabla mtaa haujaamka, alihisi kuna mtu nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Hakuwa akifanya lolote, alikaa tu. Hasina alijua ni nani, wala hakugeuka kutazama, kwa sababu hakuwa na cha kumwambia.

Ni dada yake, Najat. Najat ndiye aliyemfundisha kushika sindano, na ndiye aliyemtengenezea mdoli wa vitambaa, wa pekee aliyewahi kuwa naye. Hasina alikuwa na miaka minane, Najat kumi na tisa, siku baba alipouliza kwenye sinia la chakula mbona binti mkubwa anachelewa kurudi. Hasina, mdomo umejaa wali, akajibu: "Yuko na Erasto wa shamba la chai, wanashikana mikono." Aliona raha kwamba alikuwa na jibu. Usiku uleule Najat alitolewa nje, na kesho yake kila alichoshona kikatupwa nje kumfuata, mashuka, magauni, mpaka mdoli wa vitambaa. Baba hakutaka kibaki hata kitambaa cha mkono. Miaka mitatu baadaye dereva wa lori alileta habari kutoka ng'ambo ya mpaka, Tunduma, kwamba amefariki na wamekwisha kumzika. Kaburi hawakulijua, na picha yake hawakuwa nayo.

Tangu hapo Hasina hakuropoka tena. Kitambaa alikipima mara tatu kabla ya mkasi. Mteja akimuuliza bei, alifikiri kwanza mpaka mteja anaudhika. Mtu wa namna hiyo ukimpa maswali kumi na moja, atayauliza yote.

"Macho?" Bibi Andongwisye alisema, akitazama daftari ingawa hakujua kusoma. Alikuwa ameanza kuuzoea mchezo.

"Moja linafumba, moja limekwama wazi."

"Hilo ndilo linalowatisha wajukuu. Wanasema linawafuata. Ndiyo maana nataka aende, mwanangu. Mimi mwenyewe hanitishi. Mama wa Kizungu niliyekuwa namfulia aliponiachia, mumewe, meneja wa chai, alipohamishwa, nilikuwa namlaza pale dirishani anatazama migomba."

Nje, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba yenyewe, na kijiji kizima cha Kisiba kilikuwa kimya. Hasina alipima urefu, akagonga kichwa kwa ukucha asikilize mlio, akahesabu vidole, akakuta kimoja kimekatika. Kisha akafika swali la nane, mavazi. Gauni lilikuwa la kitambaa cha maua madogo ya bluu, limefifia, lina kola ya duara na pindo pana. Alipiga picha mbili, mbele na chini, akatikisa kichwa.

"Hizi nguo si zake, bibi. Zimeshonwa hukuhuku."

"Ee, zake ziliisha kwa panya. Hili alishona..."

"Basi hapo ndipo alipoharibika. Gauni lisilo la asili linamshusha mdoli thamani. Wenyewe wanasema heri awe uchi kuliko kuvaa vya kubabaisha."

"Vya kubabaisha," bibi alirudia polepole, kama anayelionja neno.

"Swali la tisa. Aliwahi kuoshwa?"

Alimaliza yote kumi na moja, akashukuru, akanywa maziwa ya mgando aliyopewa, akaaga bila kununua. Atawauliza wenzake kwanza, alisema, kisha atarudi na jibu. "Ndaga fijo, Mama Rayyan," bibi alimshukuru mlangoni kwa Kinyakyusa, kwa maana hilo ndilo jina alilojitambulisha nalo, na ndilo jina ambalo Tukuyu nzima ilimwita tangu ajifungue. Hasina alirudi mjini amejaa furaha ya mtu aliyejizuia.

Jumamosi mchana Generosa alipita kibandani kuchukua sare zake za kazi. Majibu ya kundi yalikuwa yamekwisha kuingia: alama haitoshi, jicho bovu, kidole hakuna, nguo si zake, mwache. Hasina alimpa nesi simu ajisomee.

"Basi umepona," Generosa alisema, akizipitisha picha kwa kidole. "Ila jamani, huyu aliyeshona hili gauni alijua kazi. Tazama pindo hili. Si ungesema umeshona wewe?"

"Hebu."

Hasina aliichukua simu kwa kutaka tu kubisha. Akaivuta picha kwa vidole viwili, ikakua. Pindo lilikuwa la mkono, mishono midogo inayolingana, na kila baada ya mishono sita sindano ilirudi nyuma mara moja kukaza. Hivyo ndivyo alivyoshona yeye. Hajaona fundi mwingine Tukuyu anayekaza kila baada ya sita. Lakini mishono yake yeye hulalia kulia. Hii ililalia kushoto, yote, kuanzia mwanzo wa pindo mpaka mwisho.

Najat alishona kwa mkono wa kushoto. Baba alimpiga aache kula kwa mkono huo, akaacha, lakini sindano ilimshinda. Hasina alijifunza akiwa amekaa mbele yake, uso kwa uso, kila kitu kinyume.

"Mama Rayyan? Umeona nini?"

Hasina aliivuta picha tena. Miaka thelathini na nane fundi mimi, alikuwa akijisemea, nimelishika gauni kwa mikono yangu na sikuligeuza. Nguo yoyote ikiingia kibandani kwake, hata ya kubandika kifungo, kwanza huigeuza ndani nje asome mishono. Hufanya hivyo bila hata kufikiri. Alhamisi ile, kule Kisiba, hakugeuza, kwa sababu daftari halikumwambia ageuze. Alikuwa na hasira na huzuni na furaha kwa pamoja, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa. Kitu kimoja cha Najat kilikuwa kimebaki duniani, na kilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa bodaboda.

Alitaka kwenda saa ileile, ila mvua ilikuwa imekata barabara. Jumapili asubuhi alifika Kisiba amelowa mpaka magotini, bila daftari. Bibi Andongwisye alikuwa barazani, amerudi kanisani, bado ana kitambaa cheupe kichwani.

"Nilijua utarudi!" bibi alisema kwa furaha. "Ngoja. Usiseme kitu, ngoja uone."

Aliingia ndani akatoka naye. Mdoli alikuwa uchi. Kiwiliwili chake cha kitambaa kilikuwa kimesuguliwa kwa sabuni ya mche, mikono na miguu ya kaure inang'aa, nywele zimechanwa zikafungwa kwa uzi wa mgomba.

"Sasa ni mzuri, au sivyo? Nimemtoa vile vya kubabaisha."

"Gauni liko wapi, bibi?"

"Aa, lile? Nimeliwashia moto jana. Kuni zilikuwa mbichi, mvua hii."

Hasina alikaa chini. Hakuchagua pa kukaa, alikaa tu, kwenye ukingo wa baraza, miguu kwenye tope. Aliyataka maneno yake ya Alhamisi yarudi mdomoni, na hayakurudi. Hakumlaumu bibi hata kidogo. Bibi alifanya alichoambiwa na mtu aliyesoma.

"Nimekosea, mwanangu?"

"Hujakosea. Nilisema mimi. Lile gauni alilishona nani?"

"Si nilitaka kukwambia siku ile, ukawa na haraka ya maswali." Bibi alikaa kando yake, mdoli mapajani. "Binti mmoja wa Kiislamu wa mjini. Baba yake alimfukuza kwa sababu ya mwanamume. Mwanamume mwenyewe alimkimbia hata mwezi haukuisha. Akanikuta nafua nguo za watu, akasema anajua kushona. Nikamweka chumba kile. Alikaa kwangu miezi minne, mtu mpole, anaswali zake kwenye gunia. Najati."

Kulisikia jina hilo kutoka mdomo wa mtu mwingine, baada ya miaka yote, kulimuuma Hasina kifuani hasa. Nyumbani kwao halikutajwa tena. Hata yeye alikuwa hajalitamka kwa sauti.

"Alikuwa anasema nini?" aliuliza. "Kuhusu kwao. Alisema chochote?"

"Hakuwa msemaji. Na mimi alinificha. Ila akikaa hapa ulipokaa, anashona, alikuwa anaongea na huyu." Bibi alimgusa mdoli kichwani. "Alimpa na jina. Mpaka leo mimi namwita hivyohivyo, wajukuu ndio hawataki. Hasina."

Migomba ilidondosha maji. Jogoo aliwika nyuma ya nyumba, mtu akamfukuza.

"Hasina," Mama Rayyan alirudia.

"Ee. Anashona, kisha anamnyooshea sindano hivi: Hasina wewe, usiseme. Hasina, funga mdomo. Kila siku. Hasina wewe, usiseme."

Hasina aligeuka. Alimshika bibi mkono wenye mikunjo, akaushika kwa nguvu kuliko adabu ilivyoruhusu.

"Bibi, nakuomba. Alipokuwa anasema hivyo, alikuwa amekasirika? Au alikuwa anacheka?"

Bibi Andongwisye alifikiri. Alifikiri kweli, kwa uso wote, maana aliona kwamba safari hii mgeni hakuwa akiuliza kwa ajili ya kuandika. Alitazama chumba kile, akatazama mahali alipokuwa akikaa yule binti.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema mwishowe. "Sauti naisikia. Uso umenipotea. Ni zamani mno. Kwani wewe ulimjua?"

"Ni dada yangu."

Bibi aliutazama mkono uliomshika, kisha uso, kisha akatazama upande wa jikoni ambako moshi ulikuwa bado unatoka chini ya bati. Akaanza kulia bila sauti, na Hasina ndiye akawa wa kumbembeleza. Hawakuzungumza bei. Bibi alimwekea mdoli mikononi na kumfumbatisha, akasema, "Mpeleke kwao."

Hasina hakuwa amemruhusu bodaboda amsubiri, alitaka kutembea. Aliushika mteremko kuelekea barabara kubwa, mdoli amemviringisha ndani ya mtandio wake wa pili na kumlaza begani, kwa sababu hakuona namna nyingine ya kumbeba. Mvua ilirudi kabla hajafika mbali. Akajibanza chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, ambako mama mmoja mwenye kikapu cha parachichi alikuwa amekwisha kujibanza. Walisalimiana. Yule mama akasogea kumpisha na kifurushi chake, akachungulia, akaona kisigino kidogo cheupe kimechomoza.

"Pole na mvua," alisema. "Mtoto amelala?"

"Jicho moja."

Mama wa parachichi alicheka. "Ndivyo walivyo. Anaitwa nani?"

Hasina alifungua mdomo. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu, na mama yule akainama karibu, sikio mbele, akisubiri kuambiwa. Hasina aliuvuta mtandio, akakifunika kile kisigino, akaanza kumpigapiga mdoli mgongoni polepole huku akitazama barabara.