Nyumba Kumi na Tatu za Draiva

Jana usiku, kabla shuka halijapata joto, niliota nimesimama mchana kweupe kwenye mtaa wa nyumba kumi na tatu, nimevaa kanzu mpya na kompyuta yangu nimeikumbatia kwapani. Sikushangaa. Nilikuwa na haraka.

Mzee Nandonde wa Newala, babake Somoe, alikuwa ameshanipigia mara tatu kwa video anipe mwenyewe jibu la posa. Mara zote tatu picha iliganda alipofika kwenye "Basi sisi tumeona..." Mjomba Hemedi, aliyenipelekea posa, alinionya kwamba ikikatika mara ya nne mzee atahesabu ni dharau. Nami ndiye fundi kompyuta anayetegemewa na nusu ya Korogwe! Niliona aibu mpaka basi.

Kisa ni draiva, ile programu inayoendesha wifi. Kila baada ya muda inaacha kazi, inazunguka chaneli zote kumi na tatu za hewani kuuliza kama kuna mtandao mwingine. Wetu uko chaneli ya sita na hauhami.

Sasa namwona draiva mwenyewe. Ni bwana mfupi, ana koti refu na mwavuli. Anapiga hodi nyumba ya kwanza.

"Hamjambo humu? Watoto? Kuku?"

"Kuku hawajambo," mlango unajibu.

Anakwenda ya pili. Katikati ya barabara Mzee Nandonde amekaa kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi, hatikisiki. Ameganda kwenye "tumeona".

"Bwana Draiva," nasema, "sisi tunakaa nyumba ya sita. Hizi nyingine za nini?"

"Mwanangu, mtu hapiti mlangoni kwa mwenzake bila salamu. Na ya sita ikiungua, utalala wapi?"

"Mkwe wangu anasubiri."

"Namwona. Nikimaliza ya kumi na tatu nitamfungulia."

Nilipandwa na hasira, kusema kweli. "Kuanzia leo utapiga hodi ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja. Basi!"

"Iandike. Kwa maneno matupu siendi."

Nikamwandikia mstari mmoja kwa chaki mgongoni mwa koti. Akausoma ule mstari bila kugeuka, akakunja mwavuli wake.

Nyumba zilizoachwa zikafunga madirisha moja baada ya jingine. Ya kumi na tatu tu ndiyo iliyobaki wazi, na bibi mmoja akachungulia.

"Leo hatusalimiwi?"

"Hapana, bibi. Kuna mpaka."

"Mpaka wa nani?"

"Wangu."

"Haya," akasema, akarudi ndani na kikombe cha chai aliyokuwa amemwandalia draiva. Iliniuma. Lakini nilimtaka Somoe kuliko nilivyotaka kuwa mtu mwema.

Mtaa ukawa sebule ya Newala. Mzee Nandonde akapepesa macho, akajiweka sawa kitini. Sauti yake ilikuwa safi, hata mlio wa kiti niliusikia.

"Basi sisi tumeona..." akasema, akavuta pumzi.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka, na kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Mjomba Hemedi.

"Mzee kanipigia asubuhi hii. Kasema jana umemsikiliza mpaka mwisho, haikukatika hata kidogo. Wamekubali, hongera! Ila shangazi yake Somoe analalamika. Umepita mlangoni kwake bila hodi na chai ilikuwa tayari. Mpaka umsalimie, ndoa haina tarehe. Mjomba, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Jana hakuna aliyenipigia, wala mimi sikumpigia mtu yeyote. Nikafungua kompyuta, nikatazama mipangilio ya draiva. Mstari ulikuwepo: moja, sita, kumi na moja.

Nikaongeza kumi na tatu. Kisha nikavaa kofia, nikakohoa kidogo mbele ya kompyuta, nikasema hodi.