Ni Kama Kokwet Tu

...Mzee Kipngeno bado hajaweka kidole, gumba lake limeshalowa wino wa bluu na linaelea juu ya karatasi, na daktari anaita kutoka ndani, "Chepkosgei, bado?" naye anajibu, "Bado kidogo, daktari," kwa sauti yake tamu, ile ile iliyompa kazi hii ya mapokezi miaka miwili iliyopita, kwa sababu daktari alitaka msichana wa hapa hapa Sosiot anayejua Kipsigis, watu wasisumbuke na karatasi, na karatasi ina kurasa nne lakini unaosumbua ni wa nne, ule unaosema ugomvi wowote kati ya mgonjwa na kliniki hautafika mahakamani, utakwenda kwa msuluhishi, na atakaloamua ndilo la mwisho, basi siku ya kwanza kabisa mama mmoja alimuuliza, msuluhishi ni nani, na Chepkosgei, jamani, akatafuta neno, akalipata haraka mno, akasema, "Mama, ni kama kokwet tu," na uso wa yule mama ukafunguka, kwani nani huku asiyeijua kokwet, wazee na majirani wameketi kwenye nyasi, mwenye ng'ombe aliyeruka ua na mwenye mahindi yaliyoliwa, kila mtu anasema mpaka anyamaze mwenyewe, na jioni watu wanarudi nyumbani wakiwa bado majirani, daktari akamsifu, una akili wewe, endelea hivyo hivyo, naye akaendelea, kinywa kikazoea, mgonjwa baada ya mgonjwa, hakuna aliyeuliza mara ya pili... Mzee Kipngeno anapangusa jasho kwa mkono ule mwingine, mkewe Janeffer amejikunja kwenye benchi akishikilia tumbo lenye uvimbe unaotakiwa kutolewa leo, na Chepkosgei hataki kutazama benchi, akitazama benchi atamwona Tecla, Tecla alikaa pale pale mwishoni, na binti yake Fancy aliyeteleza kwenye mteremko wa shamba la chai akavunjika mkono, akafungwa plasta hapa, plasta ikabana, Tecla akapiga simu siku ya kwanza, akapiga ya pili, akapiga ya tatu, mtoto analia, vidole vimevimba, na aliyepokea simu ni nani kama si Chepkosgei, aliyeambiwa na daktari aseme ni kawaida, apewe Panadol, ni nani kama si yeye, na siku ya nne vidole vilikuwa vyeusi, vyeusi basi, hospitali kubwa wakaukata mkono chini ya kiwiko, na chai haichumwi kwa mkono mmoja, muulize yeyote hapa, mikono miwili inakimbizana juu ya kichaka na bado msimamizi anasema unalala... "Hii wino itakauka, mtoto wangu," anasema Mzee, na Chepkosgei anasema ndiyo, baba, ngoja nipange karatasi vizuri, na karatasi imepangika tangu zamani... Laiti Tecla angekuja akamtukana, lakini alikuja na skafu yake ya kanisani akauliza kwa upole kabisa, "Kokwet yetu ni lini?" naye akampa barua, hoteli fulani Kericho mjini, saa nne asubuhi, hakuongeza neno, na siku ile Tecla akaja na pikapu imejaa watu, wazee wamevaa makoti, majirani waliouona ule mkono ukivimba, akina mama na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, cha kunywa wakishapatana, maana mtu haendi kokwet peke yake kama mwizi, na askari wa getini akasema anaingia mlalamishi na binti yake tu, hao wengine wabaki nje, wakabaki, wakaketi kwenye nyasi kando ya ua wa hoteli wakingoja kuitwa, na Chepkosgei akawapita ndani ya gari la daktari, kioo kimefungwa, akaona mzee mmoja akimpungia mkono kwa heshima, ee Mungu, akimpungia mkono... mle ndani meza, maji ya chupa, wakili wa kliniki, msuluhishi aliyetoka kwenye orodha ya kliniki yenyewe, mtu mpole, akamuuliza Chepkosgei, huyu mama alipiga simu? na yeye akasema, "Simu huwa nyingi, sikumbuki." Sikumbuki! Alikumbuka mpaka jogoo aliyekuwa akiwika nyuma ya sauti ya Tecla. Kufika saa sita kesi ilikuwa imekwisha, kliniki haina kosa, hakuna rufaa, na Tecla alipotoka getini wale wazee wakasimama, wakapangusa nyasi kwenye suruali, mkubwa wao akauliza, "Tuingie sasa?"... tangu siku ile ameapa, neno kokwet halitatoka tena kinywani mwake, atasema msuluhishi, anayetaka kuelewa aelewe, na akadhani ameoga, amekuwa safi, mpaka leo, mpaka sasa hivi Mzee anapoinama na kumwambia kwa sauti ya chini, "Huko kwetu Sigowet wanasema hii ya mwisho ni kama kokwet tu. Si ndiyo?" Neno likitoka halirudi, limetembea kwa miguu mpaka Sigowet na kurudi kumsubiri hapa kaunta, na hahitaji hata kudanganya, atikise kichwa tu, anyamaze tu, gumba lishuke, kazi ibaki, mama yake nyumbani apate dawa zake za presha... na Janeffer anaguna kule kwenye benchi, anaumwa, akiambiwa ukweli mzee huyu atampeleka wapi leo, labda ataweka kidole hata hivyo, ndiyo, ataweka, lakini ataweka akijua, hatakodi pikapu, hatabeba kibuyu, hatawaketisha wazee wake nje ya ua wa watu... Chepkosgei anaogopa, na Mzee bado anangoja, gumba bado hewani, limeanza kukauka kwenye kingo, na daktari anaita tena kutoka ndani, "Chepkosgei, bado?"

"Bado, daktari," anasema, na safari hii hasemi kidogo. Kisha anamgeukia Mzee, na kwa Kipsigis, polepole, kama mtu anayejifunza lugha yake upya, anasema, "Baba, wale wazee waliachwa nje."