Begi la Kujifungulia Halitafuti Laiki

1.
Laiki: tisa. Nane ni za ndugu. Ya tisa ni ya fundi wa majiko ya gesi, naye alibonyeza kwa bahati mbaya.

2.
Atuganile anauza mabegi ya kujifungulia mtandaoni, hapa Mbeya. Ndani mna khanga, pamba, glovu, sabuni, kofia na soksi za mtoto. Uchungu ukianza, mama anabeba begi anaondoka, hakuna kutumana dukani. Atuganile ana stashahada ya masoko na watoto watatu, na mpaka leo hajui kipi kilimtoa jasho zaidi.

3.
TANGAZO KWA WATEJA
Kuanzia leo, kila atakayenunua begi atapostiwa pongezi kwa jina lake. Lengo ni kuongeza wafuasi. Ahsante kwa ushirikiano.
Msimamizi wa ukurasa

Msimamizi ni Sekela, mdogo wake. Alimtumia dada yake kwanza, aidhinishe. Atuganile alisoma nusu, ugali ukiwa jikoni, akajibu: sawa.

4.
HONGERA DADA BUPE!!! Begi lako liko njiani. Tunamsubiri mgeni!
Laiki: mia mbili, na zinapanda.

5.
— Bupe huyu wa Uyole?
— Kumbe.
— Wifi, hata sisi umetuficha?
— Mama mkwe anajua?

6.
Wewe unayesoma: huku kwetu mimba haitangazwi. Tumbo litajitangaza lenyewe. Bupe alikwishapoteza mbili. Hii ya tatu aliificha ndani ya sweta la mumewe, akanunua begi kimya kimya kwa mtu aliyemwamini.

Kwa Atuganile.

7.
Ujumbe wa sauti, Bupe kwa Atuganile:
"Mama Ipyana, sikutafuti tugombane. Mama mkwe yuko hapa sebuleni, amekuja na maswali. Nilinunua kwako kwa sababu huna mdomo. Sasa hii nayo ikitoka, itatoka mbele ya watu wote wale, na mimi nita"

8.
"Futa."
"Dada, ndiyo posti yetu ya kwanza kufika mbali. Ukifuta tunarudi kwa fundi wa majiko."
"Hao wote, wangapi wamenunua?"
Sekela akakohoa.
"Wangapi, Sekela?"
"Bado wanaulizia."
"Wanaulizia begi au wanaulizia tumbo la Bupe?"

"Si wewe uliyesoma masoko? Mteja anafuatwa alipo."
"Ndiyo. Na wa kwangu yuko ndani ya sweta. Futa, mdogo wangu, kabla sijaja kukufuta wewe."

9.
NJIA ZA KUTANGAZA, BAADA YA KUFIKIRI
Ukurasa wenye majina ya wateja: umekufa.
Mdada maarufu wa mtandaoni: hapana. Analipwa kusema, hajui kunyamaza.
Kundi la WhatsApp la mtaa: hapana. Mawifi wote wamo.
Statasi ya WhatsApp: ndiyo, begi peke yake. Aliyetazama namwona mimi tu.
Ujumbe wa faragha: ndiyo.
Mteja kumnong'oneza mwenzake: ndiyo, kama bado yupo mteja atakaye

10.
TANGAZO
Ukurasa umefungwa. Hatutaji mteja. Hatupigi picha mlango wa mtu. Begi linakuja ndani ya mfuko wa unga. Laiki kaeni nazo. Atakayeuliza nani amenunua, ataambiwa hakuna aliyenunua.
Tuliyemkosea: kosa ni letu, si lako.
Atuganile

11.
Bupe hajajibu.
Simu iko kando ya sufuria. Hailii.
Sekela anasema biashara imekufa.
"Basi tuizike," anasema Atuganile, "bila kuipiga picha."

12.
Namba ngeni. Haina jina, haina picha.

"Shikamoo mama. Naulizia begi. Siyo langu, ni la jirani."

Atuganile anafuta mikono kwenye khanga. Anaandika polepole, asikosee.

"Marahaba mwanangu. Mwambie jirani asinyanyue ndoo."

Halafu, juu kabisa ya kioo:

                    anaandika…