Pole ya Bibi Mabel

Jamani, aibu niliyoipata Chiwata siku tunamzika baba mkwe wangu, mzee Cuthbert! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jeneza limeshatoka ndani, padri yuko mbele, mara Bibi Mabel, mtani wa ukoo wetu, akajilaza katikati ya njia. "Hapiti mtu! Mchoyo huyu mnamkimbizia wapi? Kala korosho zangu, nani atazitapika?"

Tukacheka. Hata mama mkwe, mjane mwenyewe, alicheka machozi yakimtoka. Ndiyo kazi ya mtani, anamtukana marehemu wenu ili mpate kupumua, nanyi mnampa jogoo awapishe.

Sasa mwanangu Joel, kakulia Dar, kafika asubuhi ile ile. Kabla sijamdaka, huyo!

"We bibi, huna adabu? Babu yangu unamwita mchoyo? Toka hapo!" Akamshika mkono, akamburuta hadi pembeni.

Baba mdogo Alfredi akaziba uso kwa viganja. Mimi nikawa nasubiri Bibi Mabel amporomoshee Joel matusi, na angefanya hivyo ningemshukuru Mungu. Alijikung'uta vumbi tu.

"Samahani, baba," akamwambia Joel, kisha akaenda kukaa na wageni.

Tuliporudi kutoka makaburini nilimwakia Joel. Naye ananijibu, "Mama, enzi zenu mlizoea kutukanwa. Sisi mtu akikuvunjia heshima unamwambia hapo hapo." Nikamwacha, maana huo utani nani alimfundisha? Si mimi mama yake? Sikuwahi.

Jioni nikakamata jogoo, nikaenda kwa Bibi Mabel, nikapiga magoti.

"Bibi, mtoto hajui. Usituache. Mama mkwe naye mzee, siku yake ikifika nani atatulalia njiani?"

Akanivutia kigoda.

"Basi nitukane mimi. Niite mvivu, niite mlafi, lolote lile!"

Akampokea jogoo, akampapasa kifua. Jogoo mwenyewe kakonda, mifupa mitupu, shingo haina hata unyoya. Moyo ukanidunda kwa furaha, nikajua hapa hawezi kujizuia, lazima atanisema mpaka majirani wasikie.

Akamweka chini taratibu. Akanishika mkono kwa heshima zote, kama vile ndiyo kwanza tunaonana.

"Asante sana, Mama Joel," akasema. "Poleni na msiba."